Nipatie za mia mbili

Watu wa mtaa wetu hawaendi kliniki kutibiwa kisonono. Wanakuja kwetu. Nimesomea famasia, nafanya kazi kwenye kemisti huku Pipeline, Embakasi, chini ya ghorofa ambalo vyumba vyake vya katikati havijui jua. Ukiniuliza kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa Nairobi ni ipi, nitakutajia kaunta: yetu, ya jirani, ya yule wa kona, na nyingine zote zilizopangana kutoka hapa mpaka Kware.

Mteja wa aina hiyo namtambua kabla hajafungua mdomo. Anakuja jioni, watu wakitoka Indasi, kule kwenye viwanda. Kwanza anaagiza kitu kingine, dawa ya kichwa au plasta. Anangoja mama mwenye mtoto aondoke, halafu anainama kwenye kidirisha: "Daktari, kuna dawa ya mkojo ukichoma? Ni ya rafiki yangu." Huyo rafiki amenunuliwa dawa nyingi sana mtaani humu. Mimi si daktari, na kusahihisha nimechoka. Nairobi yeyote mwenye koti jeupe nyuma ya glasi ni daktari. Namuuliza rafiki alianza lini kuhisi hivyo, kama anatokwa na usaha, kama ana kidonda, kama kuna dawa inayomdhuru, na kama mwenzake anajua. Tukifika kwa mwenzake, rafiki hutoweka, akabaki mwenyewe. Namwelekeza kwa tabibu wetu, ambaye ana leseni na kachumba kake nyuma, kwa sababu antibiotiki hutolewa kwa cheti na naiona sheria hiyo kuwa ya maana. Anarudi na cheti. Namtajia bei. Ndipo inapotoka sentensi ninayoisikia kuliko salamu: "Basi nipatie za mia mbili."

Chuoni tulifundishwa kwamba huo ni upungufu wa ufuasi wa dawa. Mgonjwa ameambiwa vidonge kumi na vinne, siku saba, asubuhi na jioni, naye ameamua vyake. Kwenye mitihani tulijibu kwamba dawa yake ni elimu: mwelimishe mgonjwa. Sasa mwelimishe huyu. Anajua vizuri kwamba dozi haikatwi. Ataniambia mwenyewe kwamba ukikata dozi ugonjwa "unarudi na hasira". Anachokosa ni hela iliyobaki, na hela iliyobaki hailetwi na bango la ukutani.

Na usidhani ni pesa ya dawa peke yake. Kibarua wa Indasi hulipwa kwa siku. Asubuhi anatembea kwa miguu hadi getini, akichelewa nafasi inapewa mwingine aliyesimama nyuma yake. Kituo cha afya cha umma hufungua saa ambayo yeye alitakiwa awe ameshaingia kazini. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, iliposhika nafasi ya NHIF, bima ya zamani, huduma ya msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 imetangazwa kuwa bila malipo, na nasema kweli, kumwona mhudumu ni bure. Lakini foleni inalipiwa kwa kibarua cha siku nzima, na mara nyingi mwisho wake ni karatasi na maneno "hii hatuna, kanunue nje." Nje ni kwetu. Mtu mwenye akili timamu anapiga hesabu hiyo mara moja tu, siku nyingine anakuja moja kwa moja.

Haya si mapya, na Nairobi iliyapima zamani. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vyake. Watafiti waliokuwa kwenye kituo cha rufaa cha magonjwa ya zinaa hapa mjini waliendelea kuhesabu wanaoingia mlangoni. Katika miezi tisa ya ada, idadi ya wanaume ilishuka hadi asilimia 40 ya ilivyokuwa, na ya wanawake hadi asilimia 65. Kisha ada ikaondolewa. Wanawake walirudi, wakapita hata idadi ya mwanzo kwa asilimia 22. Wanaume walirudi hadi asilimia 64 tu. Matokeo yalichapishwa 1992, na mimi huyarudia kila nikisikia mtu akisema kwamba ada ndogo humfanya mgonjwa athamini huduma. Wale wanawake waliozidi walitoka wapi? Kwa maoni yangu ni miezi tisa ya wagonjwa waliokuwa wamekaa na maradhi yao nyumbani. Na wale wanaume ambao hawakurudi? Siwezi kuthibitisha, ila nadhani walikuwa wameshaijua njia ya kemisti.

Ugonjwa wenyewe, kwanza, hauwatendei sawa wanaume na wanawake. Mwanamume mwenye kisonono kwa kawaida huungua ndani ya siku chache, anaona usaha, anakimbia. Mwanamke anaweza kukaa na kisonono hichohicho, au na klamidia, miezi mingi bila dalili hata moja. Ndiyo maana mbinu tuliyotegemea tangu miaka ya 1990, ya kutibu kwa kuangalia dalili bila kipimo cha maabara, inamfaa mwanamume na kumwacha mwanamke. Kama hana dalili, hakuna wa kumtibu. Akiwa na dalili, mara nyingi ni uchafu ukeni unaotokana na fangasi au na kuvurugika kwa bakteria wa kawaida, mambo ambayo hayakuletwa na mume wala na mtu yeyote. Lakini fomu inasema magonjwa ya zinaa, amlete mwenzi wake. Anaenda nyumbani na tuhuma mkononi, kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati. Nimeshuhudia ndoa zikitikisika kwa sababu ya fangasi. Huku yule jirani yake mwenye klamidia ya kweli anapita kaunta yetu kila siku kununua sabuni, na atakuja kuijua miaka baadaye, mirija ya uzazi ikiwa imeziba, wakati huo familia ya mume inasema amerogwa au "alichezea ujana".

Vipimo vya vinasaba vinavyomkamata huyo mwenye klamidia isiyo na dalili vipo Nairobi, kwenye maabara za binafsi, na majibu unatumiwa kwa simu. Bei yake ni kodi ya nyumba Pipeline. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu ya zinaa yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Yote manne yana dawa. Kaswende ya mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na bado watoto huzaliwa wafu kwa sababu mama alipimwa amechelewa au hakupimwa. Hapo kliniki ya wajawazito inafanya kazi nzuri, niseme haki: kipimo kimoja cha tone la damu kinaweza kutazama kaswende na virusi vya Ukimwi kwa pamoja. Mwanamke akiwa mjamzito serikali inamwona. Asipokuwa mjamzito, anaonekana nadra.

Kinachonikereketa ni kwamba mji huu ndio ulioifundisha dunia mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakichunguza pangusa, ugonjwa wa vidonda sehemu za siri. Mwaka 1985 walipima damu ya wanawake waliokuwa wakiuza ngono Majengo, Pumwani, wakakuta karibu theluthi mbili wana virusi vya Ukimwi, ilhali Kenya ilikuwa imethibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwaka mmoja tu kabla. Kutoka kwa wanawake hao dunia ilijifunza kwamba kidonda cha pangusa kinafungulia virusi mlango. Baadhi yao waliendelea miaka na miaka bila kuambukizwa, na damu yao ikawa msingi wa utafiti wa chanjo.

Sifa za Majengo huenda kwa maprofesa wa maabara, na wanastahili. Lakini mimi, kama mtu wa kaunta, namwangalia zaidi marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, aliyefariki 2015. Yeye ndiye aliyekwenda kukaa na wale wanawake barazani, wakazungumza, wakajipanga wenyewe, wakabebana. Kondomu zikatumika, vidonda vikapungua, na leo pangusa ni ugonjwa ambao wanafunzi wetu wanausoma kitabuni bila kuuona. Mwanamke aliyekuwa akiitwa kila jina baya mtaani alikuta kliniki inayomwita kwa jina lake, akarudi miaka kumi, ishirini. Yule hakuhitaji kufundishwa ufuasi.

Linganisha na jaribio la Kisumu, ambalo matokeo yake yalitoka 2023. Wasichana na wanawake 449, umri wa miaka 18 hadi 30, ambao tayari walikuwa wakitumia vidonge vya kujikinga na virusi vya Ukimwi. Nusu yao walipewa antibiotiki ya doksisaiklini, wameze ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, ili kuzuia magonjwa mengine. Marekani mbinu hiyo ilikuwa imepunguza sana klamidia na kaswende kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Kisumu hakukuonekana tofauti ya maana kati ya waliopewa na wasiopewa. Wanawake walipoulizwa, wengi walisema wanameza. Watafiti wakachukua sampuli za nywele, kwa sababu dawa hubaki kwenye unywele, na doksisaiklini ikapatikana katika asilimia 29 tu ya sampuli zilizopimwa. Miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo ilikuwa hivyohivyo katika jaribio kubwa la vidonge vya kuzuia Ukimwi lililohusisha Bondo, karibu na Kisumu: karibu wote walisema wanameza, damu ya chini ya nusu yao ndiyo iliyokubali.

Nywele hazina adabu. Sisi tunayo. Umemkuta dada wa watu, mtafiti, amekuandikisha, amekupa nauli, amekuuliza kwa upole: umemeza? Utamwambia hapana, usoni? Mtoto aliyelelewa vizuri hamvunji moyo mgeni. Naona wasomi wengi wakilisoma jibu hilo kama uongo, wakati ni heshima, na heshima ukiiuliza swali la ndiyo au hapana itakujibu ndiyo. Mimi siulizi tena "umemaliza dawa?" Nauliza "zimebaki ngapi?" Hapo mtu anahesabu badala ya kujitetea. "Zimebaki tano." Haya, tano, tuanze hapo: ilikuwaje?

Na ukiuliza ilikuwaje, unasikia mambo ambayo hakuna bango linayajua. Doksisaiklini inachoma tumbo likiwa tupu, na asubuhi Pipeline tumbo ni tupu. Chakula cha kwanza ni githeri ya saa saba mchana getini mwa kiwanda. Mwingine amekula vizuri lakini ameteremshia kidonge kwa chai ya maziwa, na maziwa hupunguza dawa hiyo kuingia mwilini. Mama mjamzito hatumii hiyo kabisa, sharti abadilishiwe. Metronidazoli, dawa ya trikomona, inaacha ladha ya chuma mdomoni, na inakataza pombe, kwa hiyo inasubiri wikendi ipite. Halafu kuna suala la mahali pa kuweka. Chumba cha futi kumi kwa kumi, watu wanne, na mashemeji wanaokuja kulala. Wateja wangu wanaotumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, huwa hawataki chupa yenyewe, kwa sababu ukitembea nayo mkobani inalia kama kayamba na kila mtu kwenye matatu anajua. Wanaijaza pamba, au wanahamishia vidonge kwenye karatasi ya kaki. Kwenye karatasi, unyevu unaingia. Msimamizi wa mradi akija ataandika: mgonjwa hahifadhi dawa inavyotakiwa.

Wakati huo bakteria wanafanya hesabu zao. Kisonono kimeishinda sulfa, kikaishinda penisilini, kikaishinda tetrasaiklini, na sipro, ambayo bado inaombwa kwa jina kwenye kaunta yangu kwa sababu "ilimsaidia kaka 2008", imekwisha nguvu pia. Katika ule utafiti wa Kisumu, kila kisonono kilichopimwa kilikuwa sugu kwa tetrasaiklini, jamii ya dawa ambayo doksisaiklini imo. Kilichobaki cha kutegemewa ni seftriaksoni, ya sindano. Kwa hiyo yule wa mia mbili anaondoka kwa jirani yangu, anayeuza chochote kwa yeyote, akiwa na vidonge vitatu vya sipro. Maumivu yanapungua kidogo, maana dalili za kisonono zinaweza kutulia zenyewe, na anaapa kwamba dawa imefanya kazi. Anamsimulia mwenzake. Sifa ya sipro inaendelea kuishi kwa ushahidi wa namna hiyo.

Nikifika hapa watu hunijibu kwamba shida ni umaskini, kama vile umaskini ni hali ya hewa. Nairobi ilipangwa. Wakoloni waligawa mji kwa rangi, milima yenye hewa kwa Wazungu, tambarare za mashariki kwa Waafrika, na mabomba ya maji yakafuata mgawanyo huo. Simama Thika Road pale Mathare ya mabanda inapotazamana na Muthaiga ya matajiri: barabara moja, pande mbili, na anayenunua maji kwa mtungi ndiye anayelipa zaidi kwa lita kuliko mwenye bustani. Utafiti uliofanywa mwaka 2000 kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi ulikuta watoto 151 kati ya kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano; kwa Nairobi nzima takwimu zilizolinganishwa nazo zilikuwa 62. Vifo vimepungua tangu hapo, mji haujahama. Daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya hupatikana kwa uchache zaidi pale inapohitajika zaidi, na kwamba hali huwa mbaya zaidi soko likiachiwa. Alikuwa akitibu wachimba makaa. Angekuja Pipeline asingehitaji mkalimani. Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Nimeisoma mara nyingi nikisubiri mteja atafute sarafu mfukoni.

Mwaka 2025 mambo yalitikisika zaidi. Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na baada ya hapo kliniki zilizokuwa zimetengwa kwa wenye virusi vya Ukimwi zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Kwenye karatasi wazo si baya. Mtu mwenye virusi ana pia presha na meno. Lakini kwenye ile kliniki ya zamani kila aliyekaa benchi alikuwa mwenzako. Sasa mtu anakaa na jirani wa ploti, na anaulizwa kwa sauti amekuja kuchukua nini. Wapo walioniuliza kama naweza kuwauzia ARV kimyakimya. Siwezi, hatuna, na dawa hizo hutolewa bure, lakini nimeelewa swali. Kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya laki moja nchini, waliopewa vifaa mwaka 2023 wapite nyumba kwa nyumba. Wa kwetu ni mama mchapakazi kweli. Anaishi ghorofa ya nne. Hilo ndilo tatizo lake: wateja wanaogopa mtu wa ghorofa ya nne ajue.

Basi kwetu "nipatie za mia mbili" sasa ina jibu. Nampa dozi nzima, anaacha mia mbili, zilizobaki zinaandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya simu, bila jina la ugonjwa. Mwajiri wangu alikataa mwanzoni, akasema kemisti si duka la mama mboga. Faida niliyoiona haikuwa ile niliyoipangia. Mwenye deni hurudi, na akirudi namuuliza zimebaki ngapi, na mwenzake je. Aliyelipa zote sijui yaliyompata. Wapo wanaoingia mitini, bila shaka. Tulipokaa na daftari tukaona wengi wao ni waliohama baada ya landilodi kupandisha kodi, si wakora. Tumekubaliana deni lisizidi nusu ya bei. Sindano bado hailipwi kwa deni, kwa sababu muuzaji wa jumla naye hatukopeshi seftriaksoni, na hapo ndipo mazungumzo yetu na mwajiri yamekwama mpaka leo.